Gemu ukutani: Mzazi ashike waya kabla ya kuweka sheria

Shule zinapofungwa, Juni na Desemba, mzozo wa gemu huanza upya katika nyumba nyingi. Mtoto anataka kwenda kwenye kibanda cha gemu mtaa wa pili, ambako analipia kwa mechi na hakuna anayejua amekaa na nani. Mzazi hataki. Kisha siku moja mtoto anakuja na wazo: ile projekta ya zamani aliyokuja nayo baba kutoka ofisini, au ile iliyonunuliwa kwa ajili ya kutazama mpira, mbona isiunganishwe na PlayStation wacheze hapo hapo sebuleni, ukuta mzima?

Wazazi wengi hujibu kwa njia mbili. Wapo wanaokataa moja kwa moja kwa kuogopa vifaa kuungua. Wapo wanaosema, "Haya, unganisheni wenyewe, nyie ndio mnaojua," kisha wanarudi kwenye simu zao. Yule wa kwanza humrudisha mtoto kibandani. Yule wa pili hubaki na kifaa kikubwa ndani ya nyumba yake, asichojua kinawashwaje wala kinazimwaje. Siku akitaka kuweka sheria, mtoto ndiye mwenye ujuzi, na sheria ya mtu asiyejua kifaa haichukui wiki kabla haijavunjwa.

Ipo njia ya tatu, nayo haihitaji ufundi mkubwa. Mzazi na mtoto watenge jioni moja, wakae chini, waunganishe vifaa pamoja. Matatizo mengi yanayowafanya wazazi waite fundi au wanunue kifaa kingine ni madogo, na karibu yote hujulikana kwa kutazama mahali panapohusika.

Kazi huanzia nyuma ya vifaa

Kabla ya kununua waya wowote, vifaa vyote viwili vigeuzwe na matundu yake yatazamwe. PlayStation 2, iliyoingia sokoni mwaka 2000 na ambayo bado ipo katika nyumba nyingi, hutumia waya wenye vichwa vitatu: njano, nyeupe na nyekundu. Njano hubeba picha, nyeupe na nyekundu hubeba sauti. Projekta nyingi za zamani zina tundu la njano, kwa hiyo PS2 haihitaji kitu cha ziada. PlayStation 3 ya mwaka 2006 inaweza kutumia waya wa rangi tatu au HDMI. PlayStation 4 ya mwaka 2013 na PlayStation 5 ya mwaka 2020 hutoa picha kwa HDMI tu. Nintendo Switch nayo hutoa picha kwa HDMI, ila lazima iwekwe kwanza kwenye kitako chake kikiwa kimechomekwa kwenye umeme.

Shida huja pale projekta inapokuwa ya ofisini au ya darasani, yenye tundu la buluu la VGA pekee, lile la vitundu 15 lililozoeleka kwenye kompyuta. Waya wa kawaida hauwezi kubadili HDMI kuwa VGA. Kinachotakiwa ni kibadilishi, kijisanduku kidogo chenye saketi ndani yake. Wauzaji wengine hutoa waya mtupu wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili. Kwa PlayStation waya huo hautoi picha. Tena, VGA haibebi sauti kabisa, hivyo mzazi achague kibadilishi chenye tundu dogo la sauti, kama lile la kuchomekea spika za masikioni.

Kuna jambo jingine linalowachanganya hata mafundi. PlayStation huweka ulinzi kwenye picha inayotoka, unaoitwa HDCP, ili filamu zisinakiliwe. Baadhi ya vibadilishi na projekta za zamani haziuelewi ulinzi huo, na matokeo yake ukuta unabaki mweusi ingawa kila waya upo mahali pake. Kwenye PS4 ulinzi huo unaweza kuzimwa katika mipangilio ya mfumo, baada ya kuiunganisha kwanza na televisheni ya kawaida. Gemu zitaonekana, lakini programu za kutazamia filamu hazitafunguka mpaka ulinzi urudishwe. Kwenye PS3 haizimiki, hivyo ni rahisi zaidi kuiunganisha na projekta ya namna hiyo kwa waya wa rangi tatu.

"Baba, imeandika No Signal"

Maneno hayo yakitokea ukutani, watu wengi huhisi kifaa kimekufa. Mara nyingi hakijafa. Projekta haijui tu isikilize tundu gani. Kwenye rimoti au juu ya projekta kuna kitufe kilichoandikwa Source au Input; kibonyezwe mpaka jina la tundu lililochomekwa waya litokee, iwe HDMI 1, HDMI 2 au Video.

Picha ikigoma bado, waya ujaribiwe kwenye televisheni. Ukifanya kazi huko, waya ni mzima na mzazi ameokoa pesa ya kununua mwingine. Ukigoma huko pia, hapo ndipo pa kununua. Waya wa HDMI unaozidi mita 10, hasa wa bei rahisi, unaweza kutoa picha inayokatika-katika au usitoe kabisa, hivyo ni bora PlayStation isogezwe karibu na projekta kuliko kuvuta waya mrefu nyumba nzima.

Wakati mwingine PS4 ilikuwa imepangwa kwa televisheni kubwa, na projekta haiwezi kupokea picha ya kiwango hicho. Dawa yake ni hii: PS4 izimwe kabisa, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe na kushikiliwa. Italia mlio mmoja, na baada ya sekunde 7 hivi italia wa pili. Hapo kitufe kiachiwe, padi ichomekwe kwa waya wa USB, na katika orodha itakayotokea ichaguliwe sehemu ya kubadili ukubwa wa picha. Kazi hii mtoto anaweza kuifanya mwenyewe huku mzazi akitazama. Ila mzazi asome kila mstari kabla mtoto hajabonyeza, kwa sababu orodha hiyo hiyo ina sehemu za kufuta kila kitu, pamoja na gemu zote zilizohifadhiwa.

Kwa nini wachezaji wamekuwa wanene?

Picha ikishatokea, lalamiko linalofuata ni kwamba wachezaji wa mpira wanaonekana wafupi na wanene, au warefu na wembamba kama mianzi. Hili ni suala la uwiano wa upana na kimo. Gemu za PS3 na kuendelea hutengenezwa kwa picha pana, yenye upana wa sehemu 16 kwa kimo cha sehemu 9. Gemu nyingi za PS2 zilitengenezwa kwa televisheni za chogo, zenye sehemu 4 kwa 3, ingawa baadhi zina sehemu ya kuchagua picha pana ndani ya mipangilio yake.

Projekta nayo ina umbo lake la asili. Ya sinema ya nyumbani kwa kawaida ni 16 kwa 9. Za ofisini nyingi ni 4 kwa 3 au 16 kwa 10. Picha pana ikirushwa na projekta ya 4 kwa 3, robo ya kimo itabaki nyeusi, juu na chini. Hilo si tatizo la kifaa, na hakuna fundi wa kulipwa hapo. Tatizo ni pale mtu anapoivuta picha ijaze ukuta wote, ndipo wachezaji hurefuka. Katika menyu ya projekta kuna sehemu ya Aspect. Ichaguliwe 16:9 au Auto, na mpira utarudi kuwa duara. Hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote: mpira ukiwa duara, picha iko sawa.

Kwa mzazi anayetaka kununua projekta mpya, neno moja linaweza kumwokolea pesa nyingi. Maboksi mengi ya projekta ndogo za bei rahisi yameandikwa kwamba zinakubali picha ya 1080p. Kukubali si kuonesha. Projekta inaweza kupokea picha ya nukta 1920 kwa 1080, kisha ikaipunguza na kuionesha kwa nukta 800 kwa 480, na maandishi ya gemu yakawa hayasomeki. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: "Nukta zake zenyewe za asili ni ngapi?" Jibu lisipopatikana, mzazi aombe iwashwe pale pale dukani, maandishi madogo yaoneshwe ukutani, asome mwenyewe.

Ukubwa wa picha na ukubwa wa sebule

Watoto hutaka ukuta mzima. Sebule ndiyo inayoamua. Picha ya inchi 100 ina upana wa mita 2.2 na kimo cha mita 1.25. Projekta nyingi za kawaida huhitaji umbali wa takriban mara moja na nusu ya upana wa picha, yaani mita 3.3 kwa picha hiyo. Ikiwa sebule ina mita 3 tu kutoka ukuta hadi ukuta, inchi 80 inatosha: upana wa mita 1.77, projekta ikiwa mita 2.7 hivi kutoka ukutani.

Ukuta mweupe usiong'aa unafaa. Shuka jeupe lililopigwa pasi na kuvutwa vizuri pia linafaa. Mchana picha itapauka, hata projekta iwe nzuri kiasi gani, na hilo lina faida yake kwa malezi: gemu inajipangia yenyewe kuwa jambo la jioni, baada ya kazi za nyumbani na daftari.

Projekta ikae mbele ya ukuta moja kwa moja, si kwa pembeni. Ikiwekwa chini na kuinuliwa kichwa, picha hupanuka juu na kubana chini. Kuna sehemu ya menyu ya kuinyoosha, lakini kuinyoosha kwa menyu hupunguza ukali wa picha, na kwa baadhi ya projekta huongeza ucheleweshaji. Meza ya kimo sahihi ni bora kuliko menyu.

Padi haina kosa

Huo ucheleweshaji ndio chanzo cha ugomvi mwingi ambao wazazi huuchukulia kama utoto. Mtoto anabonyeza kupiga shuti, mchezaji anapiga baadaye. Anasema padi ni mbovu. Mdogo wake anasema kaka ni mwongo, kafungwa tu. Mama anachoshwa na kelele, ananunua padi nyingine, na mambo yanabaki vile vile.

Mtoto hasemi uongo. Projekta nyingi huipokea picha, huisafisha, huinyoosha, ndipo huirusha ukutani. Kazi hiyo huchukua muda. Ikifika sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtazamaji wa filamu hatagundua chochote, lakini anayecheza mpira au mbio za magari ataihisi kila anapobonyeza. Kabla ya kununua padi, menyu ya projekta itafutwe sehemu ya Game au Game Mode na iwashwe. Ikiwa haipo, vizimwe vyote vinavyohusu kupamba picha. Kisha padi hiyo hiyo ijaribiwe kwenye televisheni. Ikifanya kazi vizuri huko, haina kosa.

Sauti ipelekwe kwenye sabufa

Spika ya projekta ni ndogo, na mara nyingi husikika kama redio iliyowekwa ndani ya ndoo. Nyumba nyingi zina sabufa. Kwa PS2, waya wa njano uende kwenye projekta, nyeupe na nyekundu ziende moja kwa moja kwenye sabufa. Kwa vifaa vya HDMI, sauti hufika kwenye projekta pamoja na picha, hivyo itolewe hapo kupitia tundu dogo la Audio Out, kwa waya wenye kichwa kimoja upande huu na vichwa viwili upande ule. Spika ya Bluetooth haifai sana kwa gemu kwa sababu sauti huchelewa kufika. Goli linaingia, kelele za mashabiki zinakuja nyuma yake.

Sabufa ikae upande usiopakana na chumba cha jirani. Anayeishi nyumba ya kupanga anajua ugomvi wa ukuta mmoja huanza vipi.

Umeme, joto na miguu ya watoto

Projekta ya taa hula umeme wa wati 200 hadi 300. Tukichukua 250, na PS4 wati 100 hivi, jumla ni wati 350. Saa mbili za kucheza ni uniti 0.7, na mwezi mzima ni uniti 21. Kwa familia iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya robo. Mtoto mkubwa aoneshwe hesabu hii kwenye LUKU kabla na baada ya kucheza. Atajifunza kitu ambacho kukemewa hakumfundishi.

Taa ya projekta hupata joto kali sana, ndiyo maana feni huendelea kuzunguka dakika mbili tatu baada ya kuzimwa. Haizimwi kwa kuchomoa ukutani. Izimwe kwa kitufe, isubiriwe feni isimame, ndipo waya uchomolewe. Umeme wa kukatika-katika hufupisha maisha ya taa, na PlayStation ikikatikiwa wakati inahifadhi gemu inaweza kuharibu kilichohifadhiwa. Kifaa cha akiba ya umeme cha kompyuta, kile cha betri, huwapa watu dakika za kuzima kwa utaratibu. Wasiokuwa nacho watumie angalau stebilaiza, na siku umeme unapochezacheza gemu isubiri.

Taa nyingi za aina hiyo zina zebaki kidogo ndani. Ikipasuka, watoto watolewe chumbani, madirisha yafunguliwe, na vipande visishikwe kwa mikono mitupu.

Waya zipite pembeni mwa ukuta, si katikati ya sebule. Mtoto anayeruka kushangilia goli hatazami chini, na projekta ikianguka mezani mara moja inatosha.

Ukutani hakuna siri

Sasa ndipo sheria zinapokuja, na zinakuja vizuri kwa sababu mzazi ameshashika kila waya.

Ya kwanza ni macho. Hakuna anayechungulia ndani ya lenzi, hata kwa mzaha. Mtoto mdogo ndiye anayevutwa na mwanga ule, kwa hiyo projekta iwekwe juu ya kimo chake au nyuma ya viti. Kwa mtoto mwenye kifafa, mzazi azungumze na daktari kwanza, kwa kuwa mwanga unaomweka-mweka unaweza kuamsha degedege kwa baadhi ya watu. Onyo hilo huandikwa pia kwenye vitabu vya vifaa hivi.

Ya pili ni umri. Kwenye simu au televisheni ndogo, mtoto wa miaka 16 anaweza kucheza kitu ambacho mdogo wake hakioni. Kwenye ukuta wa inchi 100, nyumba nzima inatazama, pamoja na mtoto wa miaka 4 aliyekaa mkekani. Maganda ya gemu nyingi yana alama ya umri: 3, 7, 12, 16 au 18. Gemu za mpira kama FIFA huwa na alama ya 3. GTA V ina alama ya 18. Kipimo cha sebule kiwe ni yule mdogo kuliko wote waliomo chumbani, si yule aliyeshika padi.

Ya tatu ni muda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa moja kwa siku mbele ya skrini wakiwa wamekaa, na walio chini ya miaka 2 wasiwekwe mbele yake kabisa. Kukaa mkekani na kumtazama kaka akicheza nako ni muda wa skrini. Kwa wakubwa, PS4 na PS5 zina sehemu ya kuweka saa za kucheza kwa kila mtoto na kuzifunga kwa namba ya siri, na Nintendo Switch ina programu yake ya simu kwa ajili ya mzazi. Namba hiyo ya siri iwekwe jioni ile ile ya kuunganisha. Ikiahirishwa mpaka kesho, mtoto ndiye atakayeiweka.

Muda uhesabiwe kwa mechi pale inapowezekana. Mtoto aliyekatizwa dakika ya 80 huona ameonewa. Aliyeambiwa "mechi tatu, kisha projekta inazimwa" anajua mwisho uko wapi tangu mwanzo. Na mechi moja kati ya hizo icheze na mzazi. Atafungwa magoli mengi, lakini ndani ya dakika hizo kumi atasikia majina ya marafiki na habari za shule ambazo hazisemwi mezani.

Kazi ya kuzima apewe mtoto, kwa zamu. Anabonyeza kitufe, anasubiri feni isimame, anachomoa, anakunja waya na kufunika lenzi. Wakati feni inamalizia kuzunguka, gemu imekwisha, taa ya sebule imewashwa, na watu bado wamekaa pamoja. Dakika hizo mbili tatu mzazi asizipeleke kwenye simu.